Kutembea Lyon Tukiwa Kipawa

30 Novemba

Jana tulimaliza mtihani wa mwisho wa kidato cha nne. Wenzangu walimwagiana maji na kuandikiana majina kwenye mashati. Mimi nilirudi nyumbani mapema kwa sababu sikujua nisimame upande gani. Leo nimeamka alfajiri, nikaoga, nikafunga kamba za viatu, ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda.

Mchana dada Jeni alipiga simu kutoka Lyon, Ufaransa. Huu ni mwaka wa sita tangu aondoke. Ametupa habari mbili. Ya kwanza, kuna kampuni ndogo inayotembeza wageni mjini kwa miguu, mtaa kwa mtaa, ikiwasimulia historia, nayo imemchukua kwa majaribio. Ya pili, majaribio yakienda vizuri atapewa ruhusa na atakuja nyumbani Krismasi.

Mama aliweka mwiko chini. "Krismasi hii?"

"Hii, mama. Si ya mwakani."

Mama akapaza sauti kuelekea sebuleni, baba alikokuwa anasoma gazeti. "Baba Jeni, umesikia?"

"Nimesikia," baba akasema, akageuza ukurasa.

Baba hajalitamka jina la dada tangu aondoke. Lakini dada ndiye mtoto wao wa kwanza, kwa hiyo Kipawa nzima, mtaa wetu huu wa jirani na uwanja wa ndege, inamwita Baba Jeni, dukani, kanisani, kwa kinyozi, naye huitika kila mara. Sijui huwa anajisikiaje.

2 Desemba

Dada ananihitaji. Anataka mtu wa kumsikiliza akifanya mazoezi ya kuongoza wageni, amwambie panapochosha. "Wewe huongeagi, Vai, kwa hiyo najua utasikiliza," akasema. Sikukasirika. Ni kweli.

Anaweka simu kwenye mfuko wa koti, anatembea, anasema kwanza kwa Kiingereza halafu kwa Kiswahili ili ahakikishe kwamba mwenyewe anaelewa anachosema. Mimi nakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, na kanga kichwani kuzuia makelele ya ndege zinazotua.

Lyon ni mji ulio kati ya mito miwili. Una kilima kimoja chenye kanisa kubwa juu yake, na kilima cha pili ambako zamani waliishi wafumaji wa hariri. Wenyeji husema kilima kimoja kinasali na kingine kinafanya kazi. Ng'ambo ya mto ndipo penye mji wa kale, nyumba za rangi ya waridi na ya udongo mwekundu, zenye minara ya ngazi. Ukisukuma mlango ambao ungedhani ni wa nyumba ya mtu, unaingia uchochoro uliofunikwa, unapita chini ya nyumba, unakuta ua wenye kisima, uchochoro tena, na unatokea mtaa wa pili. Watu bado wanaishi humo, kwa hiyo wageni huambiwa wapunguze sauti. Dada naye akapunguza sauti, nikasikia nyayo zake zikilia kwenye mawe. Nilijikuta nami nimebana pumzi.

Nilimsimulia mama. Akacheka. "Yaani watu wanatoka nchi zao kwenda kuonyeshwa vichochoro? Si waje Kipawa. Vya kwetu hata milango havina."

3 Desemba

Mvua kutwa. Mtaro wa mbele umefurika.

5 Desemba

Baba alipata kizunguzungu akiwa foleni ya maji. Zahanati wamesema ni presha, apunguze chumvi na atembee kila jioni. Mama ameamua asitembee peke yake, na katika nyumba hii asiye na kazi ni mimi.

Tulitembea hadi karibu na reli na kurudi. Baba alikuwa karani wa ghala la mizigo mpaka alipostaafu, na bado anatembea kama anayekagua kitu, mikono nyuma. Mimi nilikaa hatua chache nyuma yake. Hakuna aliyesema neno mpaka getini, baba aliposema, "Haya."

8 Desemba

Sikukuu ya Bikira Maria. Dada alituambia kwamba leo Lyon nzima watu huwasha mishumaa kwenye vikombe vya kioo na kuipanga madirishani kwa ajili ya Mama Maria, na wageni hujaa mpaka mitaa inafungwa. Alikuwa na kundi la watu kutoka Kanada, la kwanza peke yake bila msimamizi.

Mama akasema na sisi tunaweza. Tukatafuta mishumaa, tukaisimamisha ndani ya bilauri kwenye kila dirisha la mbele. Bi Mwanaasha, jirani yetu anayeuza vitumbua, alipita akasimama.

"Mama Jeni, umeme umekatika kwenu peke yenu?"

"Hatujakatiwa. Ni sikukuu."

"Mie nikajua mmeshindwa kununua luku. Nilikuwa naja kuwachangia."

Baba alitoka, akaitazama mishumaa kwa muda. Nilidhani ataagiza izimwe. Aliusogeza mmoja mbali na pazia, akarudi ndani.

10 Desemba

Senene, wale panzi wa kuliwa, wamefika kutoka Bukoba kwa basi, wamekaangwa tayari. Mama amewaficha kwenye kopo juu ya kabati. Ni wa dada, tusiguse.

11 Desemba

Baba ameuliza kopo la juu ya kabati lina nini. Mama akasema, "Chumvi."

12 Desemba

Dada amekaripiwa kazini, na kosa lake ni la ajabu.

Matembezi yao yana mwisho. Kwenye uwanja fulani, mwongozaji anawashukuru wageni, anawaaga, kila mtu anashika njia yake. Dada hawezi. Anasema akishawaaga mikono inakosa pa kwenda. Watu ametembea nao asubuhi nzima, wamemwambia majina ya wajukuu zao, awaache tu hapo kama mizigo? Kwa hiyo huwatoa kidogo. Wanaokwenda hotelini anawafikisha kona ya hotelini, wanaopanda treni anawafikisha stesheni. Jana alimsindikiza bibi mmoja wa Kanada mwenye goti bovu mpaka mlangoni kwake, wakawa wanazungumza, na kundi la mchana likamsubiri uwanjani kwenye baridi mpaka wakapiga simu ofisini.

Msimamizi wake akamuuliza, "Kwani yule bibi alikuwa amepotea?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unafanya nini naye?"

Dada anasema alitafuta neno la Kifaransa la kusindikiza akapata la kuwapeleka watoto shule na la kwenda na mgonjwa hospitali. La kumtoa mgeni kwa sababu tu alikuwa mgeni wako, hakulipata. Akasema, "Nilikuwa naaga." Msimamizi akamtazama kama mtu asiye na akili timamu.

Nilipowasimulia mezani mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo nimemlea mie. Mgeni haachwi mlangoni." Nami nilicheka. Tulipotulia tukaona baba ameweka kijiko chini. Alinawa mikono, akaondoka mezani na nusu ya chakula chake kimebaki.

Nilimuuliza mama jikoni nimekosea wapi. Alikuwa anasugua sufuria ambalo lilishatakata. Akaniambia jambo ambalo sikulijua, kwa sababu siku dada alipoondoka nilikuwa shuleni, nikarudi nikakuta kitanda chake kimetandikwa.

Dada alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu. Akaiacha, akafuatana na familia ya Kifaransa iliyokuwa inaishi Masaki, kwenda kulea watoto wao. Baba alisema hakumsomesha mtoto ili akaoshe vikojozi wa watu. Akasema anayekwenda huko hana haja ya kutolewa. Akamkataza na mama.

"Uwanja wa ndege ule pale," mama akasema, akaelekeza kwa kidevu. "Watu wanatoka Mbagala, wanatoka Kunduchi, wanakodi gari kuja kuwaaga watu wao. Sie tunasikia mpaka ndege zikipasha moto. Mwanangu alivuta begi lake mwenyewe barabarani, na mie nimesimama hapa hapa dirishani."

13 Desemba

Tumetembea. Nilitazama mgongo wa baba njia nzima. Siku zote nilikuwa namwogopa tu, leo nilikuwa na hasira naye pia, na sikujua kama inaruhusiwa.

17 Desemba

Dada haji.

Amefaulu majaribio. Lakini wiki ya Krismasi ndiyo wageni wengi, na mwajiriwa mpya hachukui ruhusa wakongwe wakiwa wanataka kukaa na familia zao. Alimwambia mama kwanza. Mama akasema, "Sawa mwanangu, kazi ni kazi," kwa sauti nzuri kabisa, akanipa simu, akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Mimi nikamuuliza dada kama asingeweza kuomba. Kwa kawaida siulizi mara mbili, lakini niliuliza mara mbili. Nikasikia kengele ya kanisa na magari ya huko.

"Na ningekuja, Vai, ningefikia kwa nani?"

"Kwetu."

"Kwa nani kwetu? Baba amesema nije?"

Halafu akasema kundi linamsubiri.

18 Desemba

Nina hasira na dada. Nadhani anaupenda ule mji kuliko sisi. Ana mito miwili, kilima kinachosali, nyumba za rangi ya waridi. Sisi tuna mtaro.

Alipiga, sikupokea.

20 Desemba

Leo nimefanya kitu ambacho sikukipanga, na nataka kukiandika chote.

Mvua ilikatika saa kumi na moja tukatoka. Baba mbele, mimi nyuma. Tulipofika kwa fundi Faraji, seremala wa pale kona, njia ilikuwa imejaa maji ikabidi tupite ndani ya banda lake, katikati ya vitanda visivyomalizika, tutokee upande wa pili. Giza kidogo, harufu ya mbao, halafu ghafla mwanga wa mtaa mwingine. Mdomo wangu ukasema wenyewe:

"Ndivyo vilivyo vile vichochoro."

Baba akageuka. "Vipi?"

Nilitazama viatu vyangu. "Vya Lyon. Unaingia mlango mmoja, unapita chini ya nyumba, unatokea mtaa mwingine. Wafumaji walipitisha hariri humo. Isilowe mvua."

Nilingoja aseme "Haya." Badala yake akauliza, "Ilikuwa imefungwaje?"

"Nini, baba?"

"Hiyo hariri. Marobota? Imeviringishwa? Maana hata ukiipitisha ndani, ikitoka kwenye mlango bado kuna mvua. Sie tulipokea vitambaa, wakaacha turubai wazi, mzigo mzima ukaota ukungu."

Nikasema sijui, nitauliza. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la maana. Tukatembea kidogo. Kisha nikasema, tena bila kupanga, kwamba mji ule uko kati ya mito miwili. Akauliza mito gani. Nikamwambia tuseme Barabara ya Nyerere ndiyo mto mmoja na reli ni mto wa pili, basi sisi tuko katikati, kama wao.

"Mto wenye malori," akasema baba.

"Ndiyo."

"Na hicho kilima chenye kanisa?"

Kipawa haina kilima. Nilitafuta pande zote nikaona tangi la maji la shule, juu ya nguzo zake. Nikamwonyesha. Baba akalitazama lile tangi kwa adabu, mikono nyuma. Nilimwambia kwamba ukiwa juu pale unaona mapaa yote, na siku ikiwa safi unaona milima yenye theluji mbali sana. Nilisema kama dada anavyosema, na pale anapopunguza sauti nami nilipunguza.

Tulipofika getini akasema, "Kesho tuanzie kwenye mto."

21 Desemba

Nimempigia dada na kumwomba msamaha kwa kutopokea. Nikamuuliza habari za hariri ilivyofungwa. Akashangaa. "Nani anataka kujua?" Nikasema ni mimi. Akaenda kuuliza kwenye nyumba moja ambako bado wanaonyesha mitambo ya zamani: ilikuwa inaviringishwa, halafu inafunikwa kwa kitambaa kizito.

Jioni nilimpelekea baba jibu. "Kitambaa kizito," akasema. "Afadhali."

22 Desemba

Leo tumepanda kilima cha wafumaji, yaani tumepita mtaa wa jirani, Karakata. Nyumba zao zilikuwa na dari za juu sana kwa sababu mitambo ilikuwa mirefu. Familia zilikula na kulala chini ya mitambo. Baba akauliza watoto walilalaje na kelele. Nikasema huenda walizoea. Ndege ikapita juu yetu, tukasubiri ipite. "Huenda," akasema.

Bi Mwanaasha alitukuta. "Siku hizi Baba Jeni anaongea barabarani. Hiyo dawa ya presha na mie nikaichukue."

25 Desemba

Kanisani asubuhi, pilau mchana. Mama aliweka sahani ya dada mezani kisha akaiondoa kabla hatujakaa. Senene hawakuguswa. Dada alipiga kati ya makundi mawili, akaimba nasi ubeti mmoja, simu ikakatika. Baba alikuwa amesimama karibu na mlango wa sebule, mahali ambapo mtu anasikia bila kuonekana anasikiliza.

28 Desemba

Sasa baba anaujua mji ule karibu kama mimi. Hunisahihisha. Jana nilisahau kisima cha uani, akasema, "Hujasema kisima." Hatembei tena mbele yangu. Akitembea mbele hasikii.

Mvua zinapungua. Leo tuliketi kwenye benchi la fundi Faraji kwa sababu alichoka. Akakitazama kilima chetu, lile tangi, kisha akauliza bila kunigeukia:

"Na yeye anakaa wapi humo?"

Hakusema nani. Nimetembea Lyon na dada mwezi mzima. Najua mlango wenye kichwa cha simba na ngazi zinazoteleza. Sijui anapolala. Hakuwahi kunipitisha kwake, na mimi sikuwahi kuuliza. Nilidhani anaishi kwenye moja ya zile nyumba za rangi ya waridi.

"Nitamuuliza," nikasema.

Baba akaangalia mikono yake. "Siku ile nilikuwa nimekaa hapa hapa. Faraji ananichongea mlango, nikajifanya nakagua. Ziliondoka ndege kadhaa. Sikujua ipi ni yake."

Fundi Faraji aliendelea kupiga randa. Sijui kama alisikia.

30 Desemba

Nimemuuliza. Kwanza akacheka. "Huko hakuna cha kutembeza mtu."

"Nataka hivyo hivyo."

"Vai, si sehemu ya watalii."

"Dada, nipitishe."

Nadhani hajawahi kunisikia nikisema hivyo. Akasema, "Haya, subiri nivae koti," na hakuweka simu mfukoni. Aliishika mkononi.

Anaishi nje ya mji, mahali panapoitwa Vénissieux. Ni maghorofa marefu yaliyopangwa kama makabati, na lifti mara nyingi mbovu, kwa hiyo anashuka ngazi. Chumba kimoja anakitumia na msichana wa Kongo anayefanya kazi usiku, wakati mmoja anatoka mwingine anaingia kulala. Chini kuna duka la Mwarabu anayemwekea mkate wa jana. Kuna uwanja wa mpira usio na majani. Kuna mama wa Kingazija wa ghorofa ya pili, Kiswahili chake nusu nusu, akimwona anamwambia "karibu," na dada anasema kuna siku amepita kwenye ngazi ile makusudi, hana shida yoyote, ili tu aambiwe karibu. Halafu kituo cha basi kilichovunjwa kioo. Basi, kisha treni ya chini ya ardhi. Ndipo anatokea kwenye mji wa kale, anavaa kitambulisho, anatabasamu, anasema, "Karibuni kwenye mji wetu."

"Nawaambia wetu," akasema, "na jioni narudi huku."

"Kunafanana na wapi?" nikauliza.

Akafikiri. "Na Kipawa. Kasoro ndege. Kasoro nyie."

Akaendelea kutembea, nikasikia upepo, na akasema kile ambacho nadhani alikuwa anakizunguka tangu Novemba. "Mie hao wageni siwezi kuwaacha pale uwanjani, Vai. Kila nikiaga nasikia magurudumu ya lile begi."

Nilikuwa nimemkasirikia mtu ambaye hayupo, dada wa nyumba za rangi ya waridi. Huyu wa kituo cha basi ndiye wangu, na nilimkumbuka kuliko nilivyowahi kumkumbuka.

2 Januari

Nimempitisha baba Vénissieux. Haikuwa kazi. Sikuhitaji kutafuta kilima wala mto. Nilimwonyesha maghorofa kwa kumwonyesha maghorofa, duka kwa duka, uwanja usio na majani kwa uwanja usio na majani. Nilimwambia yote, na kitanda wanachopokezana. Maneno ya begi sikuyasema. Niliona hayo si yangu kuyatoa.

Hakuuliza swali hata moja. Kituoni akasimama muda mrefu, makonda wakadhani ni abiria.

9 Januari

Jua. Matope yamekauka. Baba amesema leo hatembei, miguu inauma.

10 Januari

Leo tena hatembei. Anakaa uani na redio imezimwa. Mama anasema nisimsumbue. Nadhani nimeharibu. Kabla sijasema chochote alikuwa na mgongo ulionyooka.

14 Januari

Nilimwendea uani baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimeiandika sentensi yangu mara tatu kichwani kabla ya kuisema, kama mtihani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Si ulishaniamkia asubuhi?"

"Ndiyo. Baba, dada hatakuja mpaka aambiwe aje."

"Nani kamkataza?"

"Hakuna. Ila hakuna aliyemwambia."

Alinitazama mpaka nikataka kurudi ndani. Sikurudi.

"Mie nitamwambia nini?" akasema hatimaye. Halikuwa jibu la ukali. Lilikuwa swali, aliniuliza mimi.

23 Januari

Matokeo yametoka. Daraja la pili. Mama alipiga kigelegele mpaka bi Mwanaasha akaja na vitumbua. Baba alinishika kichwa kwa mkono mzima, kama anavyopima tikiti sokoni. Dada alilia kwenye simu. Nilifurahi, na bado nilikuwa nasikiliza nyuma ya furaha, kama kuna mtu atabisha hodi.

25 Januari

Asubuhi, saa nne ya kwetu, saa mbili ya kwao, dada alipiga akiwa anatoka kwenda kazini. Siku hizi hupiga kuanzia kwake. Nilikuwa getini namwaga maji ya kufulia. Alikuwa anashuka ngazi, anahema, ananisimulia kwamba lifti imekufa tena.

Baba alitoka ndani amevaa shati la kanisani na kandambili. Akanyoosha mkono.

"Nipe."

Nilimpa. Aliishika simu mbali na sikio, hajazoea, kwa hiyo nilisikia.

"Hallo."

Sauti ya dada, ndogo sana. "Shikamoo baba."

"Marahaba." Nilidhani ataishia hapo. "Umefika wapi?"

"Ngazi za chini. Karibu na mlango."

"Umevaa kitu cha maana? Huko si baridi?"

"Nimevaa, baba."

"Haya. Fungua mlango." Akafungua geti letu. "Ngoja nikutoe mpaka kituoni."

Sikusikia alichojibu dada. Baba alikuwa ameshatoka, mkono mmoja nyuma, mwingine umeshika simu sikioni. Nilimsikia akiuliza kama duka la Mwarabu limefunguliwa. Nilimsikia akisema, "Usikimbie, twende pole pole, mie miguu." Alipopita kwa fundi Faraji alimpungia mkono bila kusimama. Halafu bodaboda ikapita na sikusikia tena.

Mama akatoka na ungo. "Kaenda wapi na kandambili?"

"Anamtoa dada."

Hakuniuliza nimeelewaje. Aliketi kwenye ngazi na ungo mapajani, akaanza kuchagua mchele aliokwisha kuuchagua. Nilitaka kufuata. Tangu Novemba hatua zote za dada zilikuwa zinapita sikioni mwangu kwanza, leo sikujua wako mtaa gani wala wanasema nini. Nilisimama getini na ndoo tupu, nikawa natazama njia, furaha na wivu vikanijaa pamoja nikashindwa kuvitenganisha.

Alirudi akitokea upande wa barabarani. Shati limelowa jasho mgongoni, kandambili zimejaa vumbi. Hakusema walichozungumza, na macho yake hatukuyatazama. Alinirudishia simu. Ilikuwa ya moto.

"Amepanda," akasema. Akapanda ngazi, akashika fremu ya mlango, akageuka.

"Kesho anaingia mapema. Hiyo simu usiende nayo mbali."